Wimbo Ulioishia Njiani

Wallahi, haya yote ni kweli tupu. Hayakutiwa chumvi, hayakukamuliwa ndimu. Msimulizi aliyapata kwa waliokuwapo, na waliokuwapo ni watu wa Tanga, na mtu wa Tanga hasemi uongo ila akiulizwa umri wake. Atakayeukamata uongo humu, hata wa ukubwa wa punje ya ufuta, kahawa ya baraza zima iko juu ya msimulizi, na kashata juu yake. Haya, tega sikio.

Katikati ya miaka ya hamsini, mkonge ulipokuwa na bei na mafundi cherehani wa Ngamiani hawapati wasaa wa kukohoa, Tanga ilikuwa na klabu mbili za taarabu zisizosalimiana. Zuhura ilikuwa na ghorofa yake Ngamiani. Sudi Njema ilikuwa Chumbageni. Jumamosi hii inapiga moja, Jumamosi ijayo inapiga nyingine, na mji mzima unahama huku na huku kama maji kujaa na kupwa. Zuhura walipoanza kupiga, meli moja ya Wagiriki iliyokwisha kuvuta nanga iliishusha tena, nahodha akasema hasafiri mpaka asikie kiitikio. Huo ndio ulikuwa mji, na hiyo ndiyo ilikuwa klabu.

Sasa Jumamosi moja, zamu ya Sudi Njema, mambo yaliharibika. Kiongozi wao Msafiri, mpiga kodiani, alisimama na kutangaza wimbo mpya. Akaminya kodiani. Watu wa Zuhura waliokuwa wamekaa nyuma wakatazamana. Lahani ile ilikuwa yao. Walikuwa wameifanyia mazoezi kwa siri, milango imefungwa, wakiiweka kwa Jumamosi yao wenyewe. Maneno ya Sudi Njema yalikuwa mengine, lakini lahani ni ile ile, kama mtoto wako umemkuta kwa jirani amevalishwa kanzu ya watu.

Na Sajini Uweso alikuwapo ukumbini, kiti cha tatu kutoka mlangoni, akasikia yote.

Sajini Uweso alikuwa askari mpelelezi, mrefu, mwenye sharubu alizozitunza kuliko bunduki yake. Jumatatu alikwenda kwa mkubwa wake kuomba faili. Mkubwa akauliza kimeibwa nini. Lahani, akajibu Sajini. Mkubwa akafunua kitabu cha sheria, akakifunga.

"Sajini, lahani haina namba ya injini. Nitaiandikaje?"

"Usiiandike, bwana mkubwa. Nipe likizo ya juma moja."

Akapewa. Ndiyo maana Jumanne, alipopanda ngazi za Zuhura, hakuvaa kaki. Alivaa kanzu na koti, na kofia ya vito iliyokaa upande kidogo.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na watu watatu. Shekhe, mwenyekiti, fundi saa na mpiga ganuni, alikuwa amekaa nyuma ya meza kama kadhi. Zebedayo, mpiga fidla, alikuwa pembeni akiupaka upinde wake ulimbo. Na karibu na mlango, mgongo umenyooka, alikaa Mwanamkasi, mwimbaji mkuu wa Zuhura, sauti ambayo wanawake wa Pangani walikuja kwa miguu kuisikia. Juu ya meza mbele ya Shekhe kulikuwa na gauni la kijani limekunjwa. Ilikuwa sare ya Mwanamkasi.

"Shikamoo, Sajini," alisema Mwanamkasi.

"Marahaba, mama. Mbona sare yako iko mezani?"

"Muulize aliyeiweka."

Shekhe alikohoa. "Nimeiweka mimi. Jumamosi alasiri kamati inakaa. Kabla ya hapo nataka jina la aliyeuza wimbo wetu. Nisipopata jingine, jina ni hili hapa, na jioni atapanda mwingine kuimba."

"Tuanze na mlango," alisema Sajini. "Nani waliujua wimbo?"

"Sisi wa klabu tu. Na kila mmoja alikula kiapo. Waislamu kwa Msahafu, na Zebedayo huyu kwa Biblia yake, aliileta mwenyewe imefungwa kwa leso."

"Kiapo kilisemaje?"

"Kwamba hatampigia wala kumwimbia mtu yeyote nje ya chumba hiki. Nilikitunga mimi. Hakina tundu."

"Kila kitu kina tundu, Shekhe, hata chandarua kipya. Huko nje ya dirisha kuna nini?"

Shekhe alitabasamu kwa majivuno. Chini ya dirisha palikuwa na karakana ya mafundi bati, na chumba kile alikichagua kwa ajili yao. Sajini hakuridhika na maneno. Aliwaambia wapige ule wimbo, akashuka, akasimama chini ya dirisha, sikio juu. Mafundi walikuwa wakigonga ndoo na karai. Alisimama mpaka fundi mmoja akamuuliza kama amekuja kununua kandili au kuwahesabia misumari. Hakusikia hata uzi mmoja wa ganuni. Akapanda tena.

"Dirisha halina hatia," alisema.

Zebedayo alipiga mwayo, akaufunika kwa kiganja, lakini alikwisha kuchelewa.

"Astaghfirullah!" Shekhe aliruka. "Klabu inaungua, wewe unapiga miayo! Na shati hilo! Mpiga fidla wa Zuhura anakuja na doa begani kama mpishi wa harusi."

Ni kweli, bega la kulia la shati la Zebedayo lilikuwa na doa jeupe lililokauka. Alilisugua kwa kidole.

"Niwie radhi, mwenyekiti. Tangu mke wangu aje kutoka Maramba, nyumba yenyewe ndogo, usingizi nausikia kwa majirani tu."

Sajini alilitazama lile doa, akaitazama fidla, kisha akageuza kiti chake kumwelekea Mwanamkasi.

"Mama, Alhamisi kabla ya Sudi Njema kupiga, ulikuwa wapi?"

"Kigombe."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Ulikwenda na nani?"

"Na abiria wenzangu."

"Nasikia mpiga dumbaki wa Sudi Njema alikuwa mmojawapo?"

"Abiria hachagui abiria, Sajini. Hata wewe siku moja utakaa na mwizi ukampisha dirishani."

"Mnaona?" Shekhe aligonga meza. "Safari ya siri, na mtu wa Sudi Njema kando yake! Mwambie Sajini ulikwenda kufanya nini."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeapa kwa mtu. Na mimi kiapo changu, Shekhe, sikukiazima kwako." Mwanamkasi alisimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Sare chukueni. Sauti mtaitundika msumari gani?"

Akashuka ngazi taratibu, hatua moja moja, kama mtu anayeshuka jukwaani baada ya kutunzwa.

Shekhe alimgeukia Sajini. "Mwanamke wa kiburi."

"Wa fahari," alisema Sajini. "Kiburi hupiga kelele ngazini."

Alhamisi asubuhi Sajini Uweso alipanda treni ya Kigombe. Alikata daraja la pili, akakaa dirishani, akanunua machungwa yaliyomenywa kutoka kwa mwanamke wa stesheni, na njia nzima alitazama mashamba ya mkonge yanavyokimbia nyuma kama askari walioshindwa. Kigombe alishuka, akauliza wavuvi waliokuwa wakitia viraka tanga lao: mwimbaji wa Zuhura alifikia nyumba gani? Hawakumjua mwimbaji. Walimjua Mwanamkasi, mpwa wa Bi Mastura.

"Bi Mastura ni nani?"

"Mke wa mwalimu wa chuo. Nyumba ile yenye watoto wanaosoma kwa kelele."

Bi Mastura alikuwa uani, amekalia mbuzi, akikuna nazi. Sajini alibisha hodi, akakaribishwa, akaamkia, akakaa kwenye kigoda. Nyuma ya ukuta watoto walikuwa wakifuatisha alifu na bee. Hakuzunguka. Alimweleza kwamba mpwa wake Jumamosi atavuliwa sare mbele ya kamati, na hataki kusema Kigombe alifuata nini.

Mkono wa Bi Mastura uliacha kukuna.

"Atavuliwa sare, na bado hajasema?"

"Hajasema."

"Huyo ni damu yetu," alisema yule mama, na kidevu chake kilipanda kidogo. Alichungulia ukutani, akashusha sauti. "Sajini, una mke?"

"Ninaye."

"Basi unajua kunyamaza. Maneno ya nyimbo za Zuhura, nyimbo zote hizo mnazochezea mabega huko mjini, yanatoka hapa, kwenye mbuzi hii ya kukunia nazi. Mume wangu anafundisha Kurani. Kigombe hii, mke wa mwalimu wa chuo akijulikana mtunzi wa taarabu, watoto watatolewa chuoni mmoja mmoja. Kwa hiyo Mwanamkasi huja, nikamtilia maneno na lahani kichwani, akarudi navyo. Nilimwapisha asinitaje hata kwa ndoto."

"Na wimbo huu mpya?"

"Huo nimeupenda kuliko watoto wangu wakubwa. Hebu nisikie hao wezi wameuharibu vipi."

Sajini Uweso hakuwa mwimbaji. Alikuwa na sauti ya kutangazia amri. Lakini Jumamosi ile alisikiliza kama anavyosikiliza shahidi, akaishika lahani ya Sudi Njema yote. Akaipiga mluzi: kipande cha kwanza, kipande cha pili, kisha cha kwanza tena, cha pili tena, kimya.

Bi Mastura alisubiri. "Endelea."

"Umekwisha."

"Umekwishaje? Mbona umeniacha njiani? Kipande cha tatu kiko wapi, kile kinachopanda? Huo ndio wimbo! Hivyo viwili vya mwanzo ni ngazi tu za kukifikia."

"Sudi Njema hawakukipiga."

"Mwizi gani huyo," alisema Bi Mastura, "anayeingia jikoni akaiba mkaa akaacha chungu?"

Sajini aliaga. Mlangoni alisema, "Mama, mimi sikufika hapa."

"Na mimi sikukuna nazi," akajibu, akaendelea kukuna.

Kwenye treni ya kurudi, Sajini aliyapanga mambo mawili magotini mwake pamoja na maganda ya chungwa. La kwanza: Sudi Njema walipata lahani bila maneno. Mwimbaji akiuza wimbo, atauza maneno kwanza, maana ndiyo bidhaa yake. Aliyevujisha ni mtu anayeujua wimbo kwa vidole, mpigaji. La pili: hawakupata kipande cha tatu, na kipande cha tatu ndicho kito cha wimbo. Mtu anayeuza pete hang'oi kito akabaki nacho. Kwa hiyo aliyevujisha hakuwa anauza kitu. Alikuwa akiuimba mwenyewe kwa shughuli zake, na kila siku anakomea pale pale. Shughuli gani inamkatiza mtu wimbo kila siku pale pale?

Alifikiri wapiga makasia. Hao hukatizwa popote. Alifikiri watwangaji. Hao huimba mpaka mwisho, wakaanza upya.

Behewa lilikuwa likiyumba. Mbele yake mama mmoja wa Kidigo alikuwa na mtoto anayelia, akaanza kumbembeleza kwa sauti ndogo. Aliimba ubeti mmoja, akaimba wa pili, akaurudia wa kwanza, akautupia macho uso wa mtoto. Akanyamaza katikati ya neno.

Sajini Uweso alikaa wima. Akaliona lile doa jeupe. Fidla hukaa bega la kushoto. Doa la Zebedayo lilikuwa la kulia.

"Maziwa," alisema kwa sauti.

"Sina," yule mama alimjibu kwa ukali. "Na ukimwamsha utambeba wewe."

Ijumaa baada ya sala, Sajini alimpitia Shekhe dukani, akamwambia afunge saa zake amfuate Chumbageni. Zebedayo alikuwa amehamia huko baada ya mkewe Ruthi kuja na mtoto. Lakini Sajini hakwenda kwa Zebedayo. Alipiga hodi nyumba iliyopakana na yake, na aliyefungua mlango, kifua wazi na kikombe cha chai mkononi, alikuwa Msafiri wa Sudi Njema.

Shekhe alirudi nyuma kama aliyekanyaga siafu. "Umenileta kwa nani?"

"Nyumba yangu mwenyewe, Shekhe," alisema Msafiri. "Mimi sikukualika, lakini sikufukuzi. Mji mzima unasema mimi mwizi. Mwizi hufungua mlango mchana?"

"Kodiani yako ilifunguka usiku!"

"Kaka zangu," Sajini aliingia kati, "mtatukanana baadaye, na mimi nitakuwa mwamuzi. Bwana Msafiri, tunaomba uani kwako, tukae karibu na ukuta. Na tusiseme."

Walikaa watatu kwenye mkeka, migongo ukutani, Shekhe na Msafiri wakiwa wamempa Sajini nafasi ya kati kama mpaka wa mashamba. Jua lilikuwa kali. Upande wa pili wa ukuta mtoto akaanza kulia, kilio cha adhuhuri cha mtoto aliyeshiba asiyetaka kulala. Zikasikika nyayo za mtu anayetembea huku na huku. Halafu sauti ya kiume, nzito, bila maneno, ikaanza kuguna lahani.

Kipande cha kwanza. Taya la Shekhe lilishuka.

Kipande cha pili. Kilio kilipungua. Kipande cha kwanza tena, polepole zaidi. Cha pili tena. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi. Shekhe alikuwa ameinua kidole, akikisubiri kipande cha tatu kipande juu.

Kimya.

"Hiyo ndiyo!" alinong'ona Msafiri kwa furaha, bila kujua anachokishuhudia. "Kila siku mchana. Ni bembelezi ya kwao Maramba, jirani yangu ni mtu wa huko. Nilipoisikia nikasema, loo, watu wa bara wana vitu na hawajui! Nikaitia kodiani."

"Bembelezi ya Maramba?" Shekhe alisahau kunong'ona. "Bembelezi ya Maramba! Huo ni wimbo wa Zuhura, yakhe! Wa Zuhura, tangu utosini hadi unyayo!"

Upande wa pili mtoto akaamka, akalia. Sauti ya mwanamke ikavuka ukuta: "Nani huyo hana adabu? Nimeshinda na huyu mtoto tangu alfajiri!"

Punde mlango wa uani wa Msafiri ukafunguka. Akatokea Ruthi, mikono kiunoni, na nyuma yake Zebedayo, mtoto begani, bega la kulia. Alipoona nyuso tatu zile, akamwelewa kila mmoja kwa zamu, na uso wake ukawa wa mtu aliyekalia fidla yake.

"Mwenyekiti," alisema, "kiapo kilisema mtu yeyote. Mimi sikumwimbia mtu. Huyu ni Lea."

"Na Lea si mtu?" Ruthi alimgeukia. "Aliponizuia kulala hakuwa mtu?"

Sajini alinyoosha kidole, na mtoto akakishika. "Zebedayo, jibu moja tu. Kipande cha tatu hujakiimba hapa hata siku moja?"

"Hata siku moja, Sajini. Kile kinapanda. Akishalala nikakipandisha, ataamka, na huyu mama yake mnamwona."

Msafiri alikuwa amesimama. Chai ilikuwa imepoa mkononi mwake. Alikuwa mtu mwenye jina, na jina lake lilikuwa njiani kuanguka, lakini alilidaka.

"Shekhe, mimi Msafiri sijaiba hata mluzi. Wimbo wa kubembelezea mtoto hauna mwenyewe. Kila mama anaokota. Kama una mwenyewe, nimekosa, na mbele ya watu nitasema. Lakini niambie kitu kimoja, maana kimeninyima raha. Wimbo huu una kipande cha tatu?"

"Unacho."

"Nilijua! Nilijua hauwezi kwisha pale! Nimeutafuta mwisho wake juma zima, nimeukosa. Nikajisemea, labda watu wa Maramba nyimbo zao haziishi." Akameza mate. "Unaishaje?"

Shekhe alimtazama mpinzani wake. Ndevu za mwenyekiti zilicheza, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Njoo kesho ukae mbele," alisema. "Hauimbwi kwenye mkeka."

Sajini hakuwa amemaliza. "Na sare iliyo mezani?"

Shekhe aliinamisha kichwa. "Lakini Kigombe, Sajini. Alifuata nini?"

"Shughuli ya halali. Serikali imeridhika."

"Serikali gani? Wewe uko likizo."

"Basi nimeridhika mimi. Na ile sare hatumwi mtu kuirudisha. Utaipeleka wewe."

Shekhe aliipeleka mwenyewe, kwa miguu, mchana kweupe, gauni la kijani limelazwa juu ya mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga, na Ngamiani nzima ikatoka vibarazani kumtazama. Mwanamkasi alimfungulia. Alilipokea, akalinusa, akasema, "Limeshika harufu ya mafuta ya saa," akafunga mlango kwenda kulifua.

Jumamosi hiyo, nani abaki nyumbani? Karabai ziliwashwa mapema, asumini zikauzwa zikaisha, na watu walikaa ngazini, madirishani, na juu ya mabati ya mafundi, ambao kwa heshima ya siku ile walizifunga nyundo zao matambara. Nyuma kabisa, upande wa wanawake, alikaa mama mmoja wa buibui ambaye Sajini Uweso hakumtazama mara ya pili. Msafiri alikaa mbele, na Sudi Njema nzima kando yake, wamevaa vizuri kuliko siku yao wenyewe.

Mwanamkasi alisimama na sare yake ya kijani. Shekhe akaamsha ganuni. Kipande cha kwanza kilipoanza watu walinong'onezana, huu si ule wa Chumbageni? Kipande cha pili, minong'ono ikazidi. Mwanamkasi aliwaacha. Akafika mahali ambapo Sudi Njema walikuwa wamegeuka kurudi, mahali ambapo Lea hulala, na fidla ya Zebedayo ikapanda, naye akapanda nayo:

*Nyumba mwaijua kuta, na ua mwaupitia,*
*Chumba nilichokificha, ufunguo nashikia,*
*Mjuzi hatakipata, bila kumfungulia.*

Ukumbi ukalipuka. Wanawake walisimama, vigelegele vikapasua paa, mafundi bati wakasahau matambara wakagonga mabati waliyoyakalia. Mama wa buibui peke yake hakusimama. Alikuwa amejishika kifua, na bega moja lilikuwa likicheza, dogo, kwa siri.

Msafiri aliinuka. Mji mzima ukamwangalia. Mtu akimwendea mwimbaji mbele ya watu amemkubali. Kukataa baadaye hakuna. Alitembea mpaka jukwaani na koja la asumini, akamwinamia Mwanamkasi, kisha akalivisha shingo ya fidla.

"Watu wa Tanga," alisema, na sauti yake ikafika ngazini, "wimbo huu ni wa Zuhura. Mimi niliuokota njiani. Leo nimeuona unakofika."

Ile meli ya Wagiriki, wanasema, ilipiga honi bandarini, kuuliza kama wimbo unaweza kurudiwa.

Msimulizi alipofika hapo, juzi juzi tu, aliwatazama wasikilizaji wa baraza la Chumbageni, akangoja sifa. Sifa hazikuja. Bibi mmoja mwenye miwani, mwalimu mstaafu, alikuwa ameinua kidole.

"Meli tumekuachia," alisema. "Mabati tumekuachia. Sasa treni ya Kigombe."

"Treni imefanya nini, Bi Lea?"

"Haijafanya kitu, maana haikuwapo. Reli ya Tanga inakwenda Muheza, inakwenda Korogwe. Kigombe haijafika hata leo."

Baraza likacheka. Msimulizi akajikuna shingo. "Kulikuwa na reli ya troli. Ya shamba la mkonge."

"Troli ina daraja la pili?"

Msimulizi akajitia kufunga kamba ya kiatu.

"Troli ina dirisha la kununulia machungwa? Baba yangu Zebedayo aliniambia, Sajini Uweso alikwenda Kigombe kwa lori la nazi, akarudi kwa lori la nazi. Haya, yule mtoto wa Kidigo aliyebembelezwa mbele yake alikuwa nazi?"

"Huenda," alisema msimulizi kwa sauti ndogo, "dereva alikuwa na mtoto."

"Huenda. Lakini wewe uliapa."

Hapakuwa na tundu la kutokea. Muuza kahawa, ambaye alikuwa ameshasimama kandokando akigongesha vikombe vyake kwa matumaini, aliitwa. Msimulizi akatia mkono mfukoni mwa koti, akalipa kahawa ya baraza zima, na kashata juu yake, na haluwa aliyoiongeza muuzaji kwa ujanja wake mwenyewe. Kikombe cha kwanza kilikwenda kwa Bi Lea. Hakukinywa mara moja. Alikiweka magotini, akavua miwani, na pale pale barazani, kichwa juu kama malkia, akaimba kipande cha tatu, mwanzo hadi mwisho, akiwa macho kabisa.